Mbu wa Mashambani, Udongo wa Adamu: Tuwajibu Nini Watoto Wetu?

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Ifakara

 

Jioni moja mwishoni mwa masika, baina ya Maghribi na Isha, mzee mmoja wa jamaa yetu alitujia barazani pa msikiti akiwa ameongozana na binti yake, mwanafunzi wa kidato cha nne. Binti alikuwa ameinamisha kichwa. Mzee alishika karatasi ya mtihani iliyokunjwa mara nne. Baada ya salamu akasema: “Ustadhi, sikujia ugomvi. Nimekuja kuuliza. Mwanao huyu ameacha swali zima katika mtihani wa majaribio wa biolojia. Hakujaribu hata mstari mmoja. Nimemuuliza sababu, anasema wewe ndiye uliyemkataza.”

Tulimgeukia binti. Akatuamkia, kisha akasema kwa sauti ya chini: “Ustadhi, Ramadhani iliyopita ulisema katika darsa kwamba mwenye kuandika kuwa viumbe hubadilika amejitoa mwenyewe katika dini. Swali lilitaka nieleze mabadiliko hayo. Nikaogopa.”

Ni kweli tulisema hivyo. Tuliyasema baada ya Alasiri, mbele ya watu wengi, kwa sauti ya mtu mwenye yakini, ilhali hatukuwa tumefungua hata kitabu kimoja kinachoieleza nadharia hiyo. Tuliisikia kwa wengine, nao waliisikia kwa wengine. Mwenyezi Mungu katika Surat Al-Israa, aya ya 36, anatukataza kufuata tusilo na ujuzi nalo, na anatuonya kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Jioni ile tuliulizwa mapema, na aliyetuuliza ni mtoto.

Binti huyu anataka kusomea utabibu. Katika bonde hili la Kilombero, ambako ni nadra kupata ukoo usiowahi kumzika mtoto kwa homa ya malaria, binti wa Kiislamu anayetaka kuwa daktari ni neema kwa sote. Sisi, kwa neno moja tusilolifanyia utafiti, tulikaribia kumfungia mlango. Makala haya ni sehemu ya kulipa deni hilo. Tumeyaandika kwa ajili ya wazazi, kwa kuwa tunaamini hayuko peke yake. Kila mwaka wapo watoto wetu wanaoandika majibu darasani kwa mkono unaotetemeka, au wanaoyaandika bila kutetemeka huku wakiamini kwamba sasa dini imeshindwa. Makundi yote mawili yanatuhusu.

Nadharia yenyewe yasema nini

Mwaka 1859 Mwingereza Charles Darwin alichapisha kitabu chake mashuhuri juu ya asili ya spishi za viumbe. Wengi wetu tunalijua jina lake kwa kulilaani tu. Lakini haki inataka hoja ya mtu isikilizwe kabla ya kuhukumiwa, hata akiwa si wa dini yetu.

Kwa mukhtasari, nadharia ya mageuko ya viumbe imejengwa juu ya mambo matatu. La kwanza, viumbe wa aina moja hawalingani kabisa. Mmoja ana miguu mirefu, mwingine ana ngozi nene, mwingine anastahimili njaa. La pili, nyingi za tofauti hizo hurithiwa na watoto kutoka kwa wazazi. La tatu, si wote wanaozaliwa huishi hadi wakazaa. Wale ambao tofauti zao zinawafaa katika mazingira yao huacha watoto wengi zaidi. Vizazi vikipita vingi, jamii nzima ya kiumbe hubadilika sura au tabia. Wataalamu huliita jambo hilo uchaguzi wa asili.

Mkulima wa mpunga wa hapa Ifakara haoni ajabu katika hilo. Yeye huchagua masuke mazuri, akayahifadhi kuwa mbegu, na kuyaacha mabaya. Mbegu ya SARO 5, ambayo wengi wetu tumeilima, ilitokana na kazi ya aina hiyo ya wataalamu. Darwin mwenyewe alikianza kitabu chake kwa kueleza kazi ya wafugaji, hasa wa njiwa, na namna wanavyochagua wazazi wa kizazi kijacho. Kisha akauliza: je, yawezekana kwamba mazingira nayo huchuja viumbe, ingawa kwa taratibu zaidi?

Tuseme pia yale ambayo nadharia hiyo haisemi. Haisemi kwamba kima wa Udzungwa atazaa mtu kesho. Haisemi kwamba babu yetu alikuwa ngedere huyu tunayemfukuza shambani. Inasema kwamba viumbe wote wana nasaba ya pamoja ya zamani sana, na kwamba binadamu na sokwe wanakutana katika nasaba hiyo mamilioni ya miaka iliyopita. Hilo la mwisho ndilo linalotugusa Waislamu, na tutalifikia. Lakini si uadilifu kulikataa kwa kulichora kama kichekesho.

Ushahidi ulio mlangoni petu

Katika safu ya tatu msikitini kwetu husali ndugu mmoja ambaye kwa miaka mingi amefanya kazi ya kutega mbu usiku vijijini kwa ajili ya watafiti. Mji wetu ni mkongwe katika kazi hiyo. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Uswisi alianzisha hapa maabara ambayo baadaye ilikua na kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Tulimwita ndugu huyo, tukamuuliza mbele ya binti: mbu hubadilika?

Alicheka kidogo. “Katibu, mbu wangu wa zamani walikuwa wakikigusa chandarua chenye dawa wanaanguka. Wa siku hizi wanakigusa, wanapumzika, wanaondoka.”

Maneno yake yanaafikiana na yaliyoandikwa na watafiti. Wazee wanakumbuka vyandarua vya Zuia Mbu vilivyosambazwa katika wilaya za Kilombero na Ulanga kuanzia mwaka 1997. Vyandarua vyenye dawa vilikuja na rehema kubwa. Watoto wengi wako hai kwa sababu yake, na bado tunapaswa kulala ndani yake. Lakini katika kila kundi la mbu walikuwapo wachache wenye maumbile yanayostahimili dawa. Wenzao walipokufa, wao ndio waliotaga mayai. Leo mbu wa aina ya Anopheles funestus, ambao wana ustahimilivu mkubwa wa dawa za jamii ya pairethroidi, ndio wanaobeba sehemu kubwa ya malaria katika bonde letu, ambapo zamani Anopheles gambiae alikuwa ndiye adui aliyeogopwa zaidi.

Kadhalika vimelea vya malaria vyenyewe. Nani katika sisi hajameza klorokwini? Ilikuwa dawa ya kila nyumba. Kufikia mwaka 2001 Tanzania Bara ililazimika kuiacha kuwa tiba ya kwanza, kwa sababu vimelea vilivyoistahimili vilikuwa vimeenea; ikaja SP, nayo ikachakaa kwa sababu hiyo hiyo, na mwaka 2006 ukaanza mpango wa dawa mseto tunayoitumia sasa. Ndugu zetu wa Malawi waliiacha klorokwini mapema zaidi, mwaka 1993. Baada ya zaidi ya miaka kumi, utafiti uliofanyika Blantyre ulionesha kwamba vimelea vinavyouawa na klorokwini vilikuwa vimerudi kutawala. Dawa ilipoondoka, ustahimilivu haukuwa tena na faida, ukapungua. Mabadiliko ya namna hii hayahitaji mamilioni ya miaka. Yametokea ndani ya umri wetu, na gharama yake imeandikwa makaburini.

Hata katika damu zetu wenyewe ipo alama. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti wake uliofanyika Afrika Mashariki kuhusu selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli. Mtoto anayerithi jeni ya selimundu kutoka kwa wazazi wote wawili hupata ugonjwa mzito. Lakini anayerithi kutoka kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida huwa mzima, na zaidi ya hayo hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni hiyo imeenea katika nchi zenye malaria kama yetu. Daktari asiyelijua hili hawezi kuwashauri vizuri vijana wanaotaka kuoana. Hapo mzee wetu, baba wa binti, alinyamaza kwa muda. Katika ukoo wake wamo watoto wawili wa selimundu. Akasema tu: “Kumbe ndiyo habari yenyewe.”

Milima inayotutazama

Kila asubuhi tukitazama upande wa magharibi tunaiona milima ya Udzungwa. Tumezoea kuiona kama chanzo cha mito na mvua. Kwa wataalamu wa viumbe milima hiyo ni hazina. Misitu yake imekaa muda mrefu sana ikiwa imetengana na misitu mingine, kama visiwa katikati ya nchi kavu, na humo wanaishi viumbe wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Mwaka 1979 ilitambuliwa, karibu na Sanje, jamii ya kima ambayo sayansi haikuwa imeiandika kabla. Mwaka 2005 ikatangazwa jamii nyingine, kipunji, anayeishi katika misitu ya Rungwe na Kitulo na katika msitu wa Ndundulu, hapo hapo Udzungwa. Hata katika majani ya kandokando ya Mto Kilombero yupo ndege wa jamii ya mnana ambaye aliandikwa kuwa spishi mpya mwaka 1990. Wavuvi wetu walikuwa wakimwona kila siku.

Na nani hajasikia habari za vyura wa Kihansi? Chura huyu mdogo wa rangi ya manjano aligunduliwa mwaka 1996 katika bonde la maporomoko ya Kihansi, upande wa Mlimba, akiishi katika eneo dogo la hekta chache lililoloweshwa na manyunyu ya maji. Hatagi mayai majini kama vyura wengi. Huzaa watoto waliokamilika. Bwawa la umeme wa megawati 180 lilipopunguza maji ya maporomoko, makazi yake yakakauka. Vyura wapatao mia tano walipelekwa Marekani kuhifadhiwa, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini wamekwisha. Mwaka 2012 walianza kurudishwa nyumbani. Wakati ule wengi wetu tulifanya mzaha: vyura nao wapande ndege! Lakini Muislamu anayesoma Surat Al-An'aam, aya ya 38, anajua kwamba kila mnyama na kila ndege ni umma kama sisi. Umma mmoja ulikuwa umebakiwa na hekta chache, na sisi tulicheka.

Wenye nadharia ya mageuko wanaeleza kwamba chura huyo, kima wa Sanje na kipunji walipata sifa zao za pekee kwa sababu mababu zao walitengwa katika misitu hiyo kwa vizazi vingi mno. Muumini anasema: Mola wangu ndiye aliyewaumba, na huumba tusivyovijua, kama ilivyo katika Surat An-Nahl, aya ya 8. Swali letu ni hili: je, kauli hizi mbili zinagombana? Tukisema mtoto ameumbwa na Mwenyezi Mungu, hatukatai kwamba ana baba na mama, wala kwamba alikaa tumboni miezi tisa. Surat Al-Muuminun, aya ya 12 hadi ya 14, inataja hatua za mimba moja baada ya nyingine, na hakuna aliyesema kwamba kuzijua hatua kunamwondoa Muumbaji.

Wanazuoni wetu na jambo hili

Baadhi ya watu hudhani kwamba Waislamu waliusikia mjadala huu jana kutoka Ulaya. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki katika karne ya tatu Hijria, aliandika kitabu kikubwa juu ya wanyama, akaeleza jinsi wanavyowindana na jinsi mazingira yanavyoathiri maumbile yao. Ibn Khaldun (1332–1406), katika Muqaddima yake, alieleza mpangilio wa viumbe unaopanda daraja kwa daraja kutoka madini hadi mimea, hadi wanyama, hadi binadamu. Hatusemi kwamba hawa walikuwa na nadharia ya Darwin kabla ya Darwin. Hiyo ni kuwavika nguo isiyo yao. Tunasema tu kwamba hawakuogopa kutazama.

Nadharia ya Darwin ilipofika nchi za Waarabu katika karne ya 19, Sheikh Husayn al-Jisr wa Tripoli ya Sham, katika risala yake ya mwaka 1888, aliwapinga wale walioitumia kumkana Mungu. Lakini alieleza pia kwamba iwapo siku moja ingethibitika kwa dalili ya kukata shauri, Muislamu angeweza kuzifahamu aya kwa namna isiyopingana nayo, maadamu anaamini kwamba Muumbaji ni Mwenyezi Mungu peke yake.

Katika zama zetu, wanazuoni wamegawanyika, na ni amana kuwaeleza wasomaji mgawanyiko huo badala ya kuficha upande mmoja. Wapo wanaoikataa nadharia yote. Wapo, kama Sheikh Nuh Ha Mim Keller katika maandishi yake ya miaka ya 1990, wanaosema kwamba mageuko ya mimea na wanyama, ikiaminiwa kuwa ni Mwenyezi Mungu anayeyafanya, hayamtoi mtu katika Uislamu, lakini kusema kwamba Adamu (A.S.) alizaliwa na kiumbe asiye mtu ni kupingana na maandiko. Yuko David Solomon Jalajel, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 2009 alichambua maandiko akaona kwamba Adamu aliumbwa moja kwa moja bila wazazi, ama mageuko ya viumbe wengine, maandiko hayakuyathibitisha wala hayakuyakanusha, na Muislamu aweza kunyamaza pale yaliponyamaza. Na Shoaib Ahmed Malik, katika kitabu chake cha mwaka 2021, ameupima mjadala wote kwa mizani ya Imam Al-Ghazali. Wapo pia Waislamu wanaoona kwamba hata maneno kuhusu Adamu yanaweza kufasiriwa. Wanazuoni wengi hawawakubalii hilo.

Binti aliuliza swali tulilokuwa tukilingoja. “Na Adamu, ustadhi? Nikiandika yale ya kitabuni, Adamu nimuweke wapi?”

Tulimjibu kwa kadiri ya ujuzi wetu. Kurani katika Surat Aal Imran, aya ya 59, inamfananisha Isa (A.S.) na Adamu: mmoja hakuwa na baba, mwingine aliumbwa kwa udongo akaambiwa kuwa, akawa. Waislamu wanaamini kwamba Isa alizaliwa bila baba, na imani hiyo haikuwazuia madaktari wetu kujua jinsi mimba inavyotungwa. Muujiza ni jambo la pekee ambalo Mwenyezi Mungu amelitenga na ada aliyoiweka. Sayansi hutafuta ada. Chombo chake hakipimi muujiza. Kwa hiyo sisi tunasema Adamu aliumbwa kama Mola alivyotueleza, na tunalisema kwa imani, si kwa darubini. Ama viumbe wengine, na ama masalia ya kale yanayochimbwa, tunawaachia wataalamu wachimbe na wapime.

Tunajua kwamba jibu hili halimalizi kila kitu. Bonde la Olduvai, ambako Mary Leakey alilipata fuvu la Zinjanthropus tarehe 17 Julai 1959, limo katika nchi yetu. Nyayo za Laetoli, zilizofukuliwa mwaka 1978 na kukadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka milioni tatu na nusu, ni za kiumbe aliyetembea kwa miguu miwili kama sisi. Mtaalamu anasema kwamba hao ni sehemu ya nasaba yetu, na hoja yake ina mifupa mkononi. Muumini anayeshika msimamo wa Jalajel atasema kwamba kuwapo kwao hakumpunguzii Adamu kitu. Mwingine ataona kwamba jibu hilo linaacha pengo. Hatutamdanganya mtoto kwamba hakuna ugumu. Tutamwambia kwamba amepewa umri wa kusoma, na Mola katika Surat Al-Ankabut, aya ya 20, ametuamuru tutembee katika ardhi tutazame jinsi alivyoanzisha uumbaji.

Pale njia zinapotengana

Lipo jambo ambalo hatuwezi kulipatanisha, nalo ni kauli kwamba kwa kuwa viumbe hubadilika basi hakuna Mungu. Kauli hiyo haikutoka maabara. Mtafiti anaweza kuhesabu mbu waliokufa na waliobaki. Hakuna mtego unaoweza kunasa jibu la kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwapo chochote. Anaposema kwamba badiliko fulani la jeni ni la bahati nasibu, maana yake ni kwamba halikutokea kwa ajili ya haja ya kiumbe, wala yeye hawezi kulitabiri. Hilo ni neno juu ya mipaka ya ujuzi wake. Kwetu, Surat Al-An'aam, aya ya 59, imekwisha tueleza kwamba hata jani halianguki ila Yeye analijua. Mwanafunzi afundishwe kutenganisha mambo haya mawili: maelezo ya jinsi jambo linavyotokea, na falsafa ambayo mtu ameibandika juu yake.

Kadhalika, wahubiri tutenganishe. Siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba huo. Mtume angaliweza kunyamaza, na watu wangezidi kumtukuza. Hakunyamaza, aliwaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Akiwa na uchungu wa mzazi aliyefiwa, alikataa kutetewa kwa hoja isiyo ya kweli. Karne nyingi baadaye Imam Al-Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria) alieleza, akitumia mfano wa kupatwa huko huko, kwamba anayedhani anaitetea dini kwa kukanusha jambo lililothibitika huidhuru kuliko adui anayeishambulia waziwazi. Mtu aliyeliona jambo kwa dalili hataacha dalili yake; ataanza kuitilia shaka dini.

Tuliposoma maneno hayo tulijiona humo.

Tuliyoyaamua

Kamati ilikutana mara mbili. Haikuwa rahisi. Mmoja wa wazee wetu, tunayemheshimu kwa elimu na umri, alisema kwamba mlango huu ukifunguliwa hautafungika, na kwamba vijana wataanza na mbu wamalizie kwa kuacha Sala. Hofu yake si ya kudharauliwa. Tunawajua vijana waliofika huko. Ila tulimjibu kwa adabu kwamba wale tunaowajua waliondoka baada ya kuuliza wakakaripiwa. Hakuridhika sana, lakini alitaka jambo moja liandikwe, nalo tumeliandika: asiyejua aseme sijui.

Basi tumekubaliana haya. Kwanza, katibu, yaani sisi wenyewe, tuliyarejesha maneno ya Ramadhani mahali pale pale tulipoyatolea, katika darsa, mbele ya hadhira. Pili, kila mwezi, darsa moja la vijana litahudhuriwa na mwalimu wa biolojia au mtafiti Muislamu pamoja na sheikh, wakae meza moja, na maswali yaandikwe bila majina ili asiwepo wa kuona haya. Tatu, tunawaomba wazazi wasimtoe mtoto, hasa wa kike, katika masomo ya sayansi kwa sababu ya mada moja ya kitabu. Baba mmoja anayemwondoa binti yake darasani leo huenda kesho akamtafuta daktari wa kike kwa mkewe, asimpate.

Kuhusu mtihani, tulimweleza binti kanuni mashuhuri ya wanazuoni kwamba mwenye kunukuu kufuru si kafiri. Kurani yenyewe inatusimulia maneno ya Firauni. Kueleza nadharia katika karatasi ni kuonesha kwamba umeifahamu, si kutoa shahada. Lakini hatukutaka aondoke na hilo peke yake, akaishi na vyumba viwili moyoni, kimoja cha shule na kimoja cha msikiti, kila kimoja kikikiogopa kingine. Tulimwambia: “Binti yetu, andika mambo ya mbu kwa kuwa ni kweli, umeyaona. Andika mengine kwa kuwa ndivyo wataalamu wasemavyo, na uyapime kadiri elimu yako inavyokua. Na ukitoka katika chumba cha mtihani, uje uswali Adhuhuri nasi.”

Alikaa palepale barazani, akaomba kalamu, akajibu swali aliloliacha. Ukurasa mmoja na nusu. Mfano wake wa kwanza ulikuwa mbu wa Kilombero. Ndugu yetu wa mitego aliusoma akamsahihisha jina la dawa.

Mtihani wa taifa ni Novemba. Tunawaomba wasomaji wamwombee binti huyu na wenzake wote, na watuombee nasi, tunaosimama mbele ya watu tukisema, Mwenyezi Mungu atupe hofu ya kusema tusiyoyajua na ujasiri wa kuyarejesha tuliyoyakosea.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.